Stailishiti Moja kwa Mashine Tatu, na Jina Nililolifuta

Nyinyi mliobaki pale yadi ya Changamwe mliniomba niwaachie maneno machache. Maneno machache siyajui. Niliishia darasa la nne, na mtu wa darasa la nne akishapewa kalamu haiachi upesi. Vyeo nilivyopata mnavijua, na nilivyonyimwa mnavijua zaidi, kwa hiyo hayo tuyaache. Nitaandika juu ya zile stailishiti zinazogeuza orodha za mizigo kuwa karatasi za uani. Mnazitumia kila asubuhi bila kujiuliza ziliandikwa na nani. Niliziandika mimi.

Kwetu ni Mwakirunge. Nilichonga mawe machimboni mpaka viganja vikawa vigumu kuliko mawe yenyewe, ndipo binamu yangu akanileta Changamwe kuwa karani wa tali. Siku ya kwanza nilipewa kipande cha ubao, karatasi na penseli. Nikaambiwa: simama hapa, kila gunia likipita piga mstari, mistari minne, wa tano unaikata. Upande wa pili wa lori alisimama karani mwingine, naye anahesabu magunia yale yale. Nikaudhika. Nilidhani nimewekewa mtu wa kunichunga kwa sababu sikusoma.

Kumbe ndivyo kazi ilivyo. Jioni tulikaa tukasomeana. Yeye anasoma tali yake, mimi nasoma yangu. Zikilingana, tunatia sahihi. Zisipolingana, hakuna ruhusa ya kufuta hata mstari mmoja. Mnainuka wote wawili mnakwenda kuhesabu mzigo wenyewe, mvua inyeshe au jua liwake. Karani aliyefuta tali yake ili ifanane na ya mwenzake alifukuzwa siku hiyo hiyo, hata kama mwenzake ndiye aliyekuwa sahihi. Nilimwona mmoja akitoka langoni na kibegi chake. Alikuwa mtu mpole, na msomi kunishinda mara tano.

Miaka ikapita. Kampuni za meli zikaacha kutuletea orodha za karatasi, zikaanza kutuma mafaili ya XML. Kwa asiyejua, XML ni maandishi ya kawaida, ila kila kitu kimefungwa ndani ya jina lake. Kuna kontena, ndani ya kontena kuna bidhaa, ndani ya bidhaa kuna uzito, na kadhalika, masanduku ndani ya masanduku. Kompyuta inaifurahia. Dereva wa foklifti ukimpa XML atakutupia machoni. Ndiyo maana ikatakiwa stailishiti, yaani maandishi ya kanuni yanayoigeuza XML kuwa karatasi moja safi ya kila kontena: kilichomo ni nini, kinapangwa wapi, kinashikwaje.

Aliyeletwa kuifanya kazi hiyo aliitwa Bi Rukia, mzaliwa wa Kisauni, umri wake sawa na binti yangu wa pili. Alinikuta nimekaa kwenye kreti nakula mihogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe. Nimeambiwa hakuna anayezijua orodha za meli kama Mzee Kazungu."

"Hujadanganywa."

"Basi nifundishe mizigo, nami nikufundishe kompyuta."

"Kiingereza changu mimi ni cha kuelekeza lori lirudi nyuma."

"Na cha mashine ni hicho hicho, baba. Maneno machache, na hayabadiliki."

Alisema kweli. Maneno ya XSLT, ndiyo lugha ya kuandikia stailishiti, niliyajifunza kwa maumbo yake kama mtu anavyojifunza nyuso za majirani. Lakini kilichonishangaza hasa si maneno. Mimi nilizoea kazi ya kuamrishwa: beba hiki, weka pale, kisha rudi. Bi Rukia akaniambia kwenye stailishiti huamrishi hivyo. Unaandika violezo, na kila kiolezo ni kama mtu uliyemsimamisha mahali pake: wewe ukiona kontena, fanya hivi; wewe ukiona bidhaa, fanya vile. Halafu mashine inayosoma stailishiti, tunayoiita prosesa, inaupitia mti mzima wa XML kuanzia shinani hadi kwenye matawi, na kila inapofika, yupo mtu anayejua la kufanya.

Siku tuliyoiendesha mara ya kwanza alinipa heshima ya kubonyeza mimi. Shehena nzima ya meli ikageuka karatasi kabla chai haijafika mdomoni. Nilikiweka kikombe chini. Nilitoka nje nikatazama safu za makontena zilivyopangwa hadi ukutani, nikarudi ndani nikatazama karatasi, nikaona ni kitu kimoja. Wallahi, nasema hivyo na mimi ni Mkristo, lakini neno hilo nililipata kwa Bi Rukia na siku ile hapakuwa na lingine la kutosha.

Sasa tatizo. Stailishiti ilikuwa moja lakini prosesa zilikuwa mbili. Ya langoni ilikuwa kwenye kompyuta kongwe iliyofunikwa vumbi la saruji. Nyingine ilikuwa kwenye ofisi yetu ndogo ya Likoni. Kila moja ilikuwa na tabia zake. Ya langoni, kabla ya kuanza kazi, ilitupa nafasi zote tupu zilizo baina ya masanduku. Ya Likoni ilizihesabu nafasi hizo kama vitu. Nikisema "nipe kitu cha tatu", langoni napata uzito, Likoni napata hewa. Wiki nzima Likoni walipanga mizigo yenye uzito wa hewa na hakuna aliyelalamika, jambo linalowaambia mengi kuhusu Likoni. Dawa yake ni kuagiza mwanzoni kabisa nafasi tupu zote zitupwe, na kuita kila kitu kwa jina lake, si kwa namba ya mahali kilipokaa.

Ya Likoni pia ilikuwa na ujuzi wa ziada wa kupanga tarehe, ujuzi ambao mtengenezaji wake aliuongeza mwenyewe. Nikautumia, nikajisifu. Langoni stailishiti ikakataa kabisa. Bi Rukia akaniambia, "Baba, huyo ni fundi wa nyumba moja. Usimpe kazi ya mtaa mzima." Tangu siku hiyo tarehe nilizikata kipande kipande kwa maneno ambayo kila prosesa inayajua. Ni kazi ndefu na haipendezi machoni, lakini inakubalika kila mahali.

Ndipo ikaja ile siku.

Ilikuwa masika, uani maji yamejaa hadi kwenye vifundo. Ofisini tulikuwa tumepata seva mpya yenye prosesa ya toleo la pili la XSLT, wakati zile mbili kongwe zilikuwa za toleo la kwanza. Kijana aliyekuja nayo kutoka Nairobi alinionyesha namba iliyo juu kabisa ya stailishiti, pale panapotajwa toleo.

"Buda, hapa we weka tu mbili. Zote zitakubali."

"Hata zile za zamani?"

"Hazitasema kitu."

Kuniita buda, yaani mzee, nilimsamehe. Nikaweka mbili, na kweli zote zikakubali, hakuna iliyosema kitu. Nikachukua faili moja la asubuhi ile, nikaliendesha kwenye prosesa zote tatu. Ya Likoni nilipigiwa simu nikasomewa. Kontena la kwanza sawa, la pili sawa. Tukafika kontena moja la buluu: langoni, "Rangi ya ukuta". Likoni, "Rangi ya ukuta". Seva mpya, "Rangi ya ukuta Kabaidi".

Nikacheka. Nikasema huyu mgeni ana kiherehere, ameokota jina la kontena la jirani akalibandika hapa. Wawili wanakubaliana, na hao wawili nimefanya nao kazi miaka. Nikafungua stailishiti, mahali panapoandika jina la bidhaa kwa `value-of`, nikaongeza alama ndogo hii: `[1]`. Maana yake, chukua la kwanza tu. Nikaendesha tena. Zote tatu zikasema "Rangi ya ukuta". Nikaegemea kiti.

Bi Rukia akaingia, mwavuli unachuruzika.

"Umezipatanisha, baba?"

"Zote tatu zinasema neno moja."

"Umefanyaje?"

"Ile mpya ilikuwa na maneno mengi. Nimeikata ulimi."

Akaukunja mwavuli polepole. "Faili lenyewe umelifungua?"

Nikaigeukia skrini.

"Baba Kazungu."

"Naam."

"Ni nani aliyenifundisha mambo ya kusomeana tali?"

"Najua nilichokufundisha."

"Na karani aliyefuta ili zilingane, mlikuwa mnamfanya nini?"

Nilimfikiria yule mpole na kibegi chake. Nilifungua faili. Nikatafuta namba ya kontena la buluu, nikashuka ndani yake. Bidhaa: rangi ya ukuta. Chini yake, ndani ya kontena hilo hilo, si la jirani: bidhaa, kabaidi.

Kabaidi ni yale mawe ya kijivu wanayotumia wachomeleaji kutengeneza gesi. Yakikaa makavu ni mawe tu. Yakiguswa na maji yanatoa gesi inayoshika moto kwa cheche moja, na mahali palipofungwa haiwaki tu, inalipuka. Kontena kama hilo halimwagiwi maji. Nje lilitakiwa kuwa na kibandiko cha hatari. Hakikuwepo; kama kilibanduka njiani au hakikubandikwa kabisa, mpaka leo sijui.

Na karatasi yake ilikwishatoka langoni asubuhi. Rangi ya ukuta. Mlango ulipofunguliwa walikuta makopo yamepasuka, rangi imetapakaa sakafuni, na rangi ya ukuta huoshwa kwa maji. Kikosi cha kuosha kilikuwa kimekwishaitwa. Nilikiona dirishani.

Nilikuwa nimevuka miaka hamsini na goti moja lilikuwa bovu. Nilikimbia hivyo hivyo. Redio ya mkononi niliisahau mezani, na Bi Rukia aliyeikumbuka aliita, lakini kwa ngurumo za malori hakuna aliyesikia. Mbeyu, mama wa Kirabai aliyeongoza kikosi cha kuosha, alikuwa amesimama mlangoni mwa kontena la buluu, mpira wa maji mkononi, maji yanakwenda.

"Funga maji!"

Akageuka. "Leo mzee wa karatasi umekuja uani? Viatu vyako vitalia."

"Mbeyu, funga maji!"

"Karatasi yako imesema rangi. Rangi inaoshwa. Ama siku hizi inaombewa?"

"Karatasi yangu inasema uongo!"

Hapo ndipo aliponitazama. Hakuuliza la pili. Aliukunja mpira kwa mikono miwili, maji yakakatika, akapaza sauti kwa wenzake wakafunge bomba. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, "Tangu tufahamiane sijakusikia ukisema hivyo."

"Kuna kabaidi humo ndani."

"Wapi?"

"Nyuma ya rangi."

Alimulika kwa tochi ile ya plastiki aliyokuwa akiivaa shingoni. Nyuma ya makopo, gizani, yalionekana mapipa madogo ya chuma, moja limebonyea kifuniko kimeachama. Maji ya rangi, meupe, yalikuwa yanatambaa sakafuni kuelekea huko. Yalikuwa yamebakisha hatua mbili, si zaidi. Na ilikuwepo harufu, kama ya kitunguu saumu.

"Hiyo harufu," Mbeyu akasema, "nimeisikia tangu tufungue. Nikamwambia mwenzangu Sidi, wewe na mchuzi wako wa jana."

Ilikuwa gesi. Unyevu wa masika tu ulikuwa umetosha kuianzisha. Tuliiacha milango wazi, tukawaondoa watu wote, madereva wakazima injini, mmoja aliyekuwa na sigara akaizamisha kwenye dimbwi bila kuambiwa. Watu wa zimamoto wa yadi wakaja na mchanga mkavu, wakaizuia njia ya maji, wakayatoa mapipa moja moja. Kazi iliwachukua hadi alasiri. Mbeyu alisimama kando yangu muda wote huo na mpira umekunjwa mkononi, akakataa kuuweka chini.

Sasa niwaeleze kilichotokea, maana ndicho nilichotaka mkijue kuliko yote.

Prosesa za zamani hazikuwa mbovu. Katika toleo la kwanza, ukiagiza `value-of` na mahali hapo pana majina mawili, kanuni inasema andika la kwanza, basi. Katika toleo la pili kanuni inasema andika yote, uyatenge kwa nafasi. Na je, prosesa ya zamani ikikutana na stailishiti inayojitaja kuwa ya toleo la pili, ambalo haijawahi kulisikia? Kanuni ililifikiria hilo pia: isipige kelele, ifanye kazi kwa ujuzi wake ilionao. Hivyo stailishiti moja, isiyobadilishwa hata nukta, ilisema maneno mawili tofauti, na kila prosesa ilikuwa mtiifu kabisa kwa sheria yake.

Bi Rukia alinitafsiria kitabu cha kanuni hizo sentensi kwa sentensi, wiki nzima, saa ya chakula. Mimi niliacha kula. Fikirini: kuna watu waliokaa mahali mbali, wasioijua Changamwe, wakajiuliza, je, mtu akiomba jina moja na yakawepo mawili? Je, mashine kongwe ikipewa maandishi yaliyoandikwa baada yake? Wakajibu kila swali, wakaandika, wakawaachia wengine. Mimi nimefanya kazi na wakubwa walioshindwa kuandika ni nani ana ufunguo wa choo. Kichwa changu cha darasa la nne kilijaa, na sijaona haya kusema kwamba nilikaa kimya kama mtu aliye kanisani.

Makosa yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeandika tangu mwanzo kana kwamba kila kontena lina bidhaa moja, mimi niliyesimama uani miaka yote hiyo nikijua halina. Na seva mpya ilipoliona nililokosea, nikaifunga mdomo.

Nilirekebisha hivi. Namba ya juu niliirudisha kuwa moja, kwa sababu stailishiti ya toleo la kwanza prosesa zote zinaielewa kwa maana moja, hata ile mpya, ambayo ikiona moja hurudi kufuata desturi za zamani. Ile alama niliiondoa. Mahali pa `value-of` tupu niliweka `for-each`, ipite kila bidhaa moja baada ya nyingine na kila moja iandikwe kwenye mstari wake. Chini nikaongeza idadi ya bidhaa, ili mtu wa uani aweze kuhesabu mistari mwenyewe asitegemee uhodari wangu. Na nikaweka utaratibu ambao nyinyi mnaulalamikia hadi leo: hakuna stailishiti inayotoka kabla faili moja halijapita kwenye prosesa zote na watu kusomeana karatasi kwa sauti. Zikitofautiana, hakuna kugusa stailishiti. Fungua faili kwanza.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Mafaili ya zamani yote tulikuwa tumeyahifadhi. Niliyapitisha kwenye stailishiti mpya, moja moja, nikatoa orodha ya makontena yote ambayo jina la pili halikuwahi kuchapishwa. Nilitarajia nusu ukurasa. Zilitoka kurasa nyingi, nikalazimika kuzibana kwa kibanio kikubwa. Yaliyo mengi yalikuwa mambo ya amani, viatu na mikanda, sahani na vikombe. Lakini si yote.

Orodha hiyo nilimpelekea Mbeyu. Ningeweza kuificha, makontena yalikwishaondoka, na watu walikuwa wazima. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wenzake wanakunywa chai. Nikamweleza karatasi hizo ni za nini.

"Kusoma kwangu unakujua," akasema. "Nisomee wewe."

Nikasoma la kwanza: vigae, na asidi ya betri.

"Hilo nalikumbuka. Gambuti ya Sidi ilitoboka, tukasema ni gambuti mbovu."

Nikasoma la pili: nguo za mitumba, na viberiti.

"Hilo tulilifungulia karibu na mchomeleaji." Sidi, aliyekuwa nyuma, akaweka kikombe chini.

Nikasoma la tatu: magodoro, na dawa ya kuua wadudu ya shambani.

Mbeyu alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Hilo niliingia ndani peke yangu," akasema. "Lilikuwa na unga sakafuni. Niliufagia, nikaosha nimepiga magoti. Nilikuwa na mimba ya Neema."

Neema wakati huo alikuwa darasa la tano, mtoto mzima mwenye mbio kuliko wote wa shule yao. Kila mtu pale alimjua. Mimi mwenyewe nilimjua. Nikazishusha karatasi magotini.

"Mbona umenyamaza, mzee?"

"Imetosha, Mbeyu."

"Haijatosha. Wewe umeziona zote, na aliyekuwa ndani ni mimi." Alisogea kwenye ndoo yake, akavuta nyingine kwa mguu, akaigonga mara moja kwa kiganja ili nikae. "Soma."

Nikakaa, nikasoma mpaka mwisho.